Mnenguaji wa Jamaika anapoamua kutunga na kuimba mwenyewe: tuijadili safari ya Ding Dong na wenzake

#1 Mleta uzi (Dar es Salaam)

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu nawasalimu. Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo wenye haraka nawaomba wauhifadhi wausome usiku, maana jambo lenyewe nimelibeba kwa zaidi ya miaka kumi na mitano na sipendi kulikatakata.

Mimi ni mwalimu wa dansi, na kabla ya kufundisha nilikuwa mnenguaji. Mitindo ya Jamaika niliijua kupitia diski zilizonakiliwa na kunakiliwa tena mpaka picha ikajaa chengachenga. Tulijipanga wasichana sita mbele ya televisheni moja, tukirudisha nyuma kipande kilekile mara ishirini ili tuone goti linapinda wakati gani. Majina ya waimbaji tuliyajua yote. Majina ya wale waliokuwa wakicheza hatukuyajua, wala hatukuwahi kuyauliza, ingawa tulichokuwa tukikitafuta kwenye diski zile kilikuwa ni miguu yao.

Chukueni mfano wa Gerald Levy, ambaye Jamaika nzima ilimwita Bogle au Mr. Wacky. Mtindo uliobeba jina lake, ambalo ni jina la Paul Bogle, shujaa wa taifa aliyeongoza maasi ya Morant Bay mwaka 1865, ulienea kisiwani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1992 Buju Banton akautolea wimbo wenye jina hilohilo. Katika miaka iliyofuata Bogle alibuni mtindo baada ya mtindo, na sehemu kubwa ya mitindo hiyo ilisafiri duniani ndani ya nyimbo zilizoimbwa na watu wengine, Beenie Man na Elephant Man wakiwa miongoni mwao. Aliyeimba ndiye aliyeandikwa kwenye santuri. Bogle aliuawa kwa risasi mjini Kingston mwezi Januari mwaka 2005, na umati mkubwa ukamlilia mtu ambaye mwili wake ulikuwa umewafanyia kazi waimbaji wa vizazi viwili.

Mfano wa pili unaniuma zaidi. Mwezi Agosti mwaka 2008, Usain Bolt aliposhinda mbio za Beijing, alicheza mbele ya kamera za dunia nzima mtindo uitwao Gully Creeper. Mabilioni ya watu waliiona miguu ile. Mbunifu wake, David Smith aliyejulikana kwa jina la Ice, aliuawa kabla mwaka huo haujaisha, na nina hakika kwamba wengi wetu tulioucheza mtindo huo kwenye harusi za hapa mjini ndiyo kwanza leo tunalisoma jina lake.

Sasa tuje kwa kijana aliyeamua kwenda njia nyingine. Kemar Ottey, yaani Ding Dong, ametokea Nannyville, mtaa wa Kingston ulio jirani na Uwanja wa Taifa, na alijulikana kwanza kama mchezaji katika sherehe za mitaani akiwa na kundi lake la Ravers Clavers. Mwaka 2005, mwaka uleule aliouawa Bogle, alitoa wimbo wa Badman Forward Badman Pull Up, na kwa wimbo huo akaacha kuwa mtu wa kuzichezea nyimbo za wengine, akawa mtu ambaye wengine wanaucheza wimbo wake.

Naomba tulisogelee jina la wimbo huo, kwa sababu siri yake imo humo. Katika sherehe za Jamaika, wimbo ukiwakuna watu, hupiga kelele, hugonga kuta, hunyoosha mikono juu, na selekta, yaani mpiga santuri, huusimamisha na kuurudisha mwanzo. Kelele hizo za kuutaka wimbo urudiwe huitwa ‘forward’, na kitendo cha kuusimamisha na kuuanzisha upya huitwa ‘pull up’. Maneno yote mawili ni ya uwanjani. Kijana yule hakwenda kuazima lugha ya washairi ili aonekane mtunzi. Aliyachukua maneno aliyokuwa akiyasikia kila usiku huku jasho likimtiririka, akayapangia hatua, akayarudisha kwa watu walewale walioyazoea.

Uwanja wenyewe ndio uliokuwa chuo chake, na ulikuwa chuo kikali. Kuanzia mwaka 2003 kulikuwa na Passa Passa kila Jumatano katika mtaa wa Tivoli Gardens, sherehe iliyoendelea mpaka jua likachomoza, hadi ilipokoma baada ya operesheni ya vikosi vya usalama ya mwaka 2010. Kulikuwa pia na sherehe ya Weddy Weddy, katika makao ya Stone Love, kundi la wapiga santuri wenye spika zao kubwa lililoanzishwa na Winston Powell mwaka 1972. Sheria ya kudhibiti kelele ya mwaka 1997 iliweka mwisho wa muziki wa nje kuwa saa sita usiku siku za katikati ya wiki na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi, lakini sherehe huzivuka saa hizo, kwa hiyo mchezaji hajui polisi watafika saa ngapi. Mpiga picha hupita katikati ya watu akiwa na kamera na taa kali, na wachezaji huigombea ile taa ya video kama vifaranga wanavyougombea mtama, kwa sababu taa ikikuangazia kwa sekunde kumi, hizo ndizo ulizo nazo za kuonyesha mtindo wako na kulitamka jina lako kabla hajageuka. Mtu aliyefunzwa na taa ile anajua namna ya kusema jambo zima ndani ya sekunde kumi, na kibwagizo cha wimbo kinahitaji hasa ujuzi huo.

Baada ya wimbo ule wengi walisema kijana amebahatisha. Mwaka 2010 akaja na Holiday, ambamo Chevaughn aliimba kibwagizo, na miaka ya 2017 na 2018 akawa juu kuliko wakati wowote kwa Fling na Lebeh Lebeh. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miaka kumi kutoka wimbo wa kwanza mpaka hapo. Vijana wangu darasani hawapendi kabisa kuisikia hesabu hiyo.

Nataka kusikia maoni yenu, hasa ninyi mnaoishi na Wajamaika au mliowahi kunengua nyuma ya mwimbaji.

#2 Mchangiaji kutoka Mombasa

Ahsante sana dada kwa uzi ulioshiba. Nina pingamizi moja, na nalisema bila kukusudia kumvunjia mtu heshima.

Nimezisikiliza nyimbo ulizozitaja. Rusha bega, geuka, inama, simama. Kwa sikio langu hizo ni amri za mwalimu wa mazoezi ya viungo. Mimi nimelelewa katika nyumba ya watu wa tungo, na kwetu mtu haitwi mtunzi mpaka mizani imetulia, vina vimekaa mahali pake na maana imepatikana. Kijana yule amebuni mitindo, na kwa hilo apewe haki yake. Lakini kumwita mtunzi wa nyimbo nadhani ni kumkweza kwa sababu ya kumwonea huruma.

#3 Mleta uzi

Kaka yangu wa Mombasa, pingamizi lako nalipokea kwa heshima yake, na nitalijibu kwa jambo lililotokea darasani kwangu wiki mbili zilizopita.

Niliwapigia wanafunzi mdundo usio na maneno wa dancehall, yaani muziki huu wa sherehe za Jamaika, nikawaambia kila mmoja atunge mstari mmoja wa Kiswahili utakaowafanya wenzake wote wainue mkono wa kulia pamoja. Kijana wa kwanza, ambaye anaandika mashairi mazuri, aliimba: “Sasa nawaomba nyote mwinue mkono wa kulia.” Mstari ulikuwa mzuri kwa sikio. Mikono ikapanda ovyo, mmoja sasa, mwingine baadaye, kwa sababu neno la kuuambia mwili upande gani lilifika mwishoni kabisa wakati pigo la ngoma limekwisha kupita. Tulipunguza, tukapunguza tena, mpaka tukabaki na “Kulia! Juu!” na hapo mikono kumi na minne ikapanda kwa pigo moja kana kwamba imefungwa kwa kamba. Kisha msichana mmoja, mnenguaji ambaye hajawahi kuandika hata ubeti, akasema tuliweke neno “kulia” nusu pigo mapema zaidi, kwa sababu bega hutangulia kujiandaa kabla mkono haujainuka. Alikuwa sahihi. Tulipolisogeza, hata mgeni aliyekuwa ameketi mlangoni aliinua mkono bila kujijua.

Ninachokiita utunzi wa mnenguaji ndicho hicho. Mshairi anajua neno lina mizani ngapi, na mnenguaji anajua goti linahitaji muda gani ili litii. Katika Fling neno lenyewe la amri ni silabi moja, kwa hiyo mwili unabaki na pigo zima la kujibu. Mwimbaji asiyecheza ataliweka neno hilo panapopendeza masikioni, naye mchezaji ataliweka pale ambapo bega litawahi. Watu uwanjani hawajui kwa nini wimbo huu unawaingia na ule unawapita, lakini miili yao inajua.

Kuna na suala la pumzi. Anayeimba huku anacheza hawezi kubeba mistari mirefu, ndiyo maana nyimbo hizi zimejaa mistari mifupi inayojibiwa na kundi: kiongozi anatupa neno, wenzake wanalidaka, naye anapata sekunde mbili za kuvuta hewa. Ukizisikiliza kwa sikio la mtu aliyeketi kitini utadhani ni uvivu wa kuandika.

Isitoshe kaka, Kiswahili chetu kinamjua mtu huyu tangu zamani. Tunamwita manju, yule anayetunga, anayeongoza kuimba na anayetangulia mbele ya wachezaji wa ngoma. Na neno lenyewe ‘ngoma’ kwetu ni kile kitu kinachopigwa, ni mchezo wenyewe, na siku hizi vijana wakisema msanii fulani ametoa ngoma mpya wanamaanisha wimbo. Lugha yetu haikuona sababu ya kuyatenganisha mambo hayo matatu.

Niongeze jambo moja kuhusu Jamaika ambalo linafanya suala la maneno kuwa la maisha. Kule mdundo mmoja, wanaouita riddim, hugawiwa waimbaji wengi, kila mmoja akaweka maneno na sauti yake juu yake. Mwaka 2003 wimbo wa Sean Paul, Get Busy, ulishika namba moja Marekani, nao No Letting Go wa Wayne Wonder ukavuma wakati huohuo, zote zikiwa juu ya mdundo uleule wa Diwali uliotengenezwa na Steven “Lenky” Marsden. Kwa mpango huo mdundo ni wa prodyuza, na mwimbaji anabaki na kitu kimoja tu cha kukiita chake, nacho ni maneno pamoja na namna alivyoyaimba. Mnenguaji aliyeko pale bila maneno hana hata hicho kimoja.

#4 Mchangiaji kutoka Lubumbashi

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Katanga. Dada ameligusa neno ‘ngoma’, nami nimeona nisipite kimya.

Katika jimbo la St. Thomas, mashariki mwa Jamaika, kuna ibada ya kale iitwayo Kumina. Iliimarishwa na Waafrika waliopelekwa kisiwani kufanya kazi kwa mikataba baada ya utumwa kukomeshwa, na wengi wao walitoka katika nchi za Wakongo. Nyimbo zake ni za namna mbili: zile ziitwazo ‘bailo’, ambazo huimbwa zaidi kwa lugha ya kawaida ya Jamaika, na zile ziitwazo ‘country’, ambazo zimehifadhi maneno ya Kikongo, likiwamo jina la Mungu, Zambi. Mpigaji huiangusha ngoma ubavuni, akaikalia, akaipiga kwa mikono huku akiusogeza kisigino chake juu ya ngozi ili kubadili sauti ipande au ishuke. Fikirini jambo hilo: mguu wa mtu umo ndani ya sauti. Watu wa namna hiyo hawawezi kushangaa mchezaji akifungua kinywa akaimba.

Na kwetu pia wapo waliopita njia hiyo. Marehemu Tshala Muana, aliyetuachia mtindo wa muziki na dansi uitwao mutuashi, alianza mwaka 1977 kama mchezaji katika kundi la M’Pongo Love. Mbilia Bel naye alianzia nyuma ya Abeti Masikini, akicheza na kuitikia, kabla ya Tabu Ley kumchukua. Hakuna mtu nchini kwetu anayewaita wanawake hao wanenguaji waliobahatisha.

#5 Mchangiaji kutoka Kampala

Hapa Uganda tunaye Sheebah Karungi, ambaye alitokea katika kundi la uchezaji la Obsessions kabla ya kuwa mwimbaji mkubwa. Nakubaliana na dada kwa kila neno.

#6 Mchangiaji kutoka Toronto

Nawasalimu wote. Jirani zangu hapa Toronto ni Wajamaika, na binti yao mkubwa hucheza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona kwa macho yangu. Sasa anataka kuandika nyimbo. Wazazi wake walikuwa wanavumilia kucheza, lakini hili la pili linawatia hofu, na hasa mama yake anasema mchezaji wa kike akishika kipaza sauti watu humtazama kiuno tu, hawasikilizi anachosema. Mleta uzi, wewe ni mwanamke na umepita huko. Mama huyu amekosea, au anajua jambo ambalo binti hajalijua?

#7 Mleta uzi

Mama huyo anajua jambo, na ningemwamkia kabla ya kumjibu.

Mwaka 1992 Carlene Smith alitawazwa malkia wa dancehall, na tangu hapo neno hilo likawa cheo. Montego Bay pakawa na mashindano ya kila mwaka yaliyowavuta wachezaji kutoka nje, hata mwaka 2002 taji likachukuliwa na Junko Kudo, mwanamke kutoka Japani. Cheo hicho kiliwapa wanawake jukwaa, safari na namna ya kujitafutia riziki, na mpaka leo wachezaji wa Jamaika husafiri Ulaya na Japani kufundisha madarasa, jambo ambalo kwa wengi wao ni kipato cha uhakika kuliko sherehe yoyote ya Kingston. Lakini cheo cha malkia ni cha mwili. Kinahesabiwa kwa wepesi wa mgongo na ujasiri wa mavazi, na mwili una umri. Mwanamume kama Ding Dong anapohama kutoka uchezaji kwenda uimbaji, watu husema amekua. Mwanamke akihama, wapo watakaosema kiuno kimechoka, ndiyo maana anatafuta kazi nyingine. Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu katika mji huu huu.

Kwa hiyo ningemwambia binti asiandike kwanza nyimbo za kumsifia mwili wake, kwa kuwa hizo wanaume wamekwisha kumwandikia kwa miaka thelathini. Aandike anachokijua yeye peke yake. Mchezaji anajua mambo mengi ambayo mwimbaji hayajui: namna vidole vya miguu vinavyoganda kwenye lami alfajiri, anavyomsoma mtu nia yake kutokana na mabega kabla hajasema neno, hesabu ya nauli ya kurudi nyumbani wakati muziki bado unapigwa, furaha ya kusikia watu mia tatu wakitua chini kwa pigo moja. Hilo la mwisho nimelitafuta katika nyimbo nyingi na sijalipata, na nadhani ni kwa sababu waliolihisi hawakuwa na kipaza sauti.

Upande wa sauti ajue kwamba kuna kazi ya mwaka mzima au zaidi. Mchezaji ana pumzi ndefu, lakini ameizoea kuitumia kwa vishindo, na kuimba kunahitaji itoke polepole na sawasawa. Akiwa Jamaika kuna Chuo cha Edna Manley mjini Kingston, ambako shule ya dansi na shule ya muziki zimo ndani ya uzio mmoja. Kuna pia jadi ya National Dance Theatre Company, iliyoanzishwa mwaka 1962 na Rex Nettleford pamoja na Eddy Thomas, ambayo imekuwa na kundi lake la waimbaji ubavuni mwa wachezaji. Sidhani kama ni lazima kupita chuoni, kwa maana Ding Dong ni mtu wa mtaani, ila chuo humwokoa mtu asiiharibu koo yake kabla hajafika miaka thelathini.

#8 Mchangiaji kutoka Mwanza

Dada, mimi ni kijana wa masomo ya sheria. Umesema mwanzoni kwamba mbunifu wa mtindo hubaki pembeni. Je, sheria ya Jamaika haimlindi mtu aliyebuni dansi? Na wewe mwenyewe, yalikukuta?

#9 Mleta uzi

Yalinikuta mdogo wangu, na nitayasema kwa kifupi kwa sababu hayana faida tena. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipobuni hatua za wimbo mmoja uliopendwa sana hapa nchini. Nililipwa nauli na sahani ya wali. Wimbo ule bado unapigwa kwenye harusi, watu wanazicheza zile hatua, na mara mbili nimefundishwa hatua zangu mwenyewe na watu wasionijua. Sikudai kitu, kwa sababu hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina langu.

Kuhusu sheria, Jamaika ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1993, na marekebisho ya mwaka 2015 yaliurefusha muda wa ulinzi kutoka miaka 50 hadi miaka 95. Kazi ya dansi inaweza kulindwa ikiwa imehifadhiwa kwa maandishi au kwa kurekodiwa. Ugumu ni kwamba mitindo ya mitaani mara nyingi ni hatua moja au mbili fupi, na hatua fupi ya mwili ni vigumu sana kuisimamia mahakamani kama kazi kamili, hasa ikiwa umati umeichukua na kuibadilisha kabla ya mapambazuko. Wimbo haupati taabu hiyo. Maneno yaliyoimbwa yanaandikishwa, na nchini Jamaika tangu mwaka 1998 kuna chama cha watunzi na wachapishaji, JACAP, kinachokusanya mirabaha yao redio na majukwaa yanapozitumia kazi zao. Mnenguaji aliyebuni mtindo uleule na kuupa jina, akaliweka jina hilo katika kibwagizo alichokiandika yeye, amekwisha kupata pa kuushikia. Mtindo wenyewe utaendelea kuwa wa kila mtu, ila kila jina la mtindo likiitwa redioni, limeitwa kwa maneno yake.

Ndiyo maana siamini kwamba Ding Dong aliikimbia dansi. Baada ya miaka yote hiyo Ravers Clavers bado wanatajwa pamoja naye, na nyimbo zake zinatembea kwa miguu yao. Tunachoweza kuuliza, na mimi nakiuliza kwa uchungu, ni kama kila mmoja katika kundi lolote la namna hiyo ameandikwa mahali fulani.

Kwa binti wa Toronto na kwa yeyote mwingine, nina ombi moja la kikazi. Mkikaa studio watu watatu mkatunga pamoja, msiondoke kabla ya kuandika nani ametunga nini na kila mmoja ana sehemu gani, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, mkaweka tarehe na sahihi. Dakika kumi zinatosha. Watu huona haya kulitaja jambo hilo wakati wote wanacheka na wimbo umetoka vizuri, lakini wakati huo ndio rahisi kuliko mwingine wowote, kwa sababu bado hakuna fedha ya kugombaniwa.

#10 Mchangiaji kutoka Mombasa

Dada, nimerudi. Nilikaa na jibu lako la namba 3 hapo juu kwa siku mbili, kisha nikamwita mjukuu wangu wa miaka tisa, nikaupiga mdundo kwa kiganja mezani na kumsomea ubeti wangu mmoja ninaoupenda sana, nikimtaka acheze. Mtoto alisimama akanitazama. Nikaanza kukata maneno kama ulivyokata wewe, lakini mizani yangu minane sikukubali kuiacha, wala vina. Ilinichukua usiku kucha. Asubuhi nilimwita tena:

*Goti, chini! Bega, paa!*
*Shingo, pinda! Hapo, kaa!*

Alicheza, dada. Aliganda kwenye ile ‘kaa’ kama sanamu, halafu akanitaka nirudie, nikarudia mpaka chai ikapoa. Neno nililolitamka la kumkweza kijana wa Nannyville naliondoa.

#11 Mleta uzi

Kaka, nimeijaribu sasa hivi hapa sebuleni, na ile ‘pinda’ inafika shingoni kwa wakati wake kabisa. Naomba ruhusa yako niitumie darasani Jumamosi. Niandikie kwa ujumbe wa faragha jina unalolitumia katika tungo zako, niliandike ubaoni juu ya ubeti kabla sijaanza kuwahesabia.